Vali Iliyoandikwa Wazi

Maji yaliyolala miaka kwenye bomba la kuzimia moto hayanukii marashi. Yananuka kutu na tope, na yakikurukia kwenye shati, mkeo analifua akiwa amegeuza uso pembeni. Kila fundi wa vali, zile koki kubwa za kufungia mabomba, anajua hivyo. Sasa fundi wetu, ambaye wenzake walimwita Mizunguko kwa ile tabia yake ya kuhesabu kwa sauti kila anapozungusha usukani wa vali, alifungua koki ndogo ya majaribio, akakinga ndoo, na chumba kizima kikajaa harufu ya bibi harusi.

"Ala!" alisema.

Akachovya kidole. Maji yalikuwa meupe pe, tena ya vuguvugu.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na yeye alikuwa kwenye chumba cha vali, chini kabisa ya kiwanda cha kushona nguo. Chumba hakikuwa na dirisha. Upande mmoja palikuwa na tangi la zege, na kutoka humo lilipanda bomba jekundu nene kama paja la mtu mzima, likatoboa dari kwenda ghorofa zote nne. Bomba hilo ndilo lililopeleka maji kwenye vinyunyizio vilivyopangwa darini huko juu, kila kimoja na kichupa chake cha kioo kinachopasuka kikipata joto la moto. Washonaji mia mbili walikuwa wameinamia cherehani zao chini ya vinyunyizio hivyo. Mmoja wao, ghorofa ya tatu, alikuwa mke wa Mizunguko.

Msimamizi wa jengo alikuwa amemfungia kwa nje kwa kufuli. Ndio utaratibu wao, kwa sababu koki za shaba zilikuwa zinaibwa mchana kweupe.

"Naenda kunywa chai, saa nne nakufungulia," alimwambia.

"Usinisahau humu, kaka. Bado nina mke."

"Mkeo namjua. Nikikusahau atanishona mdomo."

Wakacheka, mlango wa chuma ukafungwa, na hapo hakukuwa na neno lolote.

Neno lilikuja alipotazama vipimo. Kwenye bomba pana kipimo chini ya vali na kingine juu yake, na vali ikiwa wazi vyote viwili husoma sawa. Cha chini kilisoma sita. Cha juu kilisoma sifuri. Mizunguko akakigonga kwa kucha, kikabaki pale pale. Akaivuta kadi ya ukaguzi iliyoning'inia kwenye vali. Miaka sita mfululizo, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wa fundi aliyemtangulia, yule waliyemwita Babu Spana, iliandikwa: wazi, wazi, wazi. Akaushika usukani. Ulikuwa umefungwa hadi mwisho, ukakazwa kwa waya mizunguko saba.

Jamani, hasira alizopata mtu huyu! Miaka sita juu kuna mabomba makavu! Mkewe ameshona mashati miaka yote hiyo chini ya pambo la darini! Na fundi yeyote mwenye akili zake akikuta vali ya moto imefungwa, haiti kikao, anaifungua. Mizunguko akatoa koleo, akakata waya, akashika usukani. Ilikuwa vali ya mizunguko kumi na minne.

"Moja," akasema.

Ndani ya bomba kitu kikagonga: ko.

"Mbili."

Ko.

Hakushtuka. Mabomba hugonga maji yakisukuma hewa. Akasema tatu, pakagongwa tena. Ila alipovuta pumzi aseme nne, ile ko ilitangulia, kabla hajafungua mdomo. Mikono yake ikasimama. Akakaa kimya kabisa, hata kumeza mate hakumeza, na kile kitu humo ndani, kwa utaratibu wa mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kikagonga mara tano, kikamsubiri.

Mizunguko alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Hapo ndipo simu ilipopata mtandao kidogo. Akampigia Babu Spana.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Babu, hii vali ya kiwandani umeifunga wewe?"

Sauti ya mzee ikashuka, kama ya mtu aliyezungukwa na watu waliolala. "Umezungusha mingapi?"

"Mitatu."

"Irudishe. Sasa hivi, irudishe."

"Babu, kuna watu mia mbili huku!"

"Nisikilize. Lile tangi lilijengwa juu ya kisima cha zamani, na kisima kilikuwa na mwenyewe. Nilimleta mganga. Akaweka sikio kwenye bomba, akatoka mbio, viatu akaviacha. Akasema ni jini, maji yasitembee, nimfungie humo humo. Maji hupita hata kwenye upenyo, yeye hapiti kwenye upenyo, anataka njia nzima. Ndio maana nikafunga, na kwenye kadi nikaandika wazi, wasije kuniletea mtu wa kuifungua."

"Na moto ukitokea?"

"Moto unaweza kuja, unaweza usije. Huyu yupo." Mzee akakohoa. "Na akikosa njia atakuita kwa sauti ya mtu wako. Usi..."

Mtandao ukakata.

Mizunguko aliuzungusha usukani kinyumenyume bila kuhesabu, jasho likimwingia machoni. Bomba lilitetemeka, likagongwa mfululizo, halafu vali ikafika mwisho na kila kitu kikanyamaza. Akamshukuru Mungu. Mtandao uliporudi kidogo, akapiga simu kwa msimamizi. Iliita hadi ikachoka. Akaupiga mlango mateke. Nani angemsikia, na cherehani mia mbili zinanguruma juu? Saa yake ilisema saa tatu na dakika ishirini.

Ndipo alipoisikia, ikitokea kwenye mdomo wa bomba la kumwagia maji, lile linaloshuka kutoka ghorofani hadi pale sakafuni.

"Baba watoto?"

Alikuwa mkewe. Hata kile kikohozi chake cha vumbi la vitambaa kilikuwemo.

"Baba watoto, uko wapi? Kuna moto huku juu. Mlango wa ngazi umekwama. Maji hayatoki, baba watoto, vichupa vimepasuka na maji hayatoki!"

"Si wewe," alinong'ona Mizunguko. "Wewe si mke wangu."

"Unasemaje? Sikusikii. Fungua maji!"

Na kwenye mdomo wa bomba ukachungulia moshi mwembamba wa kijivu, wenye harufu ya kitambaa kinachoungua.

Simu ya mkewe ilikuwa sandukuni getini, kama simu za washonaji wote, sheria ya kiwanda. Msimamizi hapokei. Babu hapatikani. Mlango ni chuma, kuta ni zege, na mtu yule alisimama katikati ya chumba akizunguka mwenyewe kama aliyeangusha sarafu, akijiambia kwamba ni jini, bila shaka ni jini, Babu si ametoka kumwambia sasa hivi, halafu akijiuliza, na kama siye, kama ni mke wake kweli, amesimama juu ya meza na kanga mdomoni akimwita mume wake ambaye kazi yake yote duniani ni kuleta maji, na mume huyo yuko hapa chini ameshika usukani kwa mikono miwili na hauzungushi kwa sababu ya hofu ya kitu kilichogonga bomba, basi kesho atawaambia nini watoto, atawaambia nilimsikia mama yenu nikadhani ni jini?

"Naungua," ilisema ile sauti, polepole sana. "Mume wangu, naungua."

Alilia. Tuseme ukweli, mwanamume mzima alilia kwa sauti. Kisha akafungua. Moja, mbili, tatu, alikuwa akihesabu huku akiomba, na safari hii hakuna kilichogonga. Palikuwa na utulivu tu, utulivu wa mtu aliyevumilia sana na hataki kuharibu mambo mlangoni. Mzunguko wa kumi na nne ulipokamilika, bomba lilivimba na kunywea mara moja kama koo linalomeza. Kitu kikapanda, akakisikia kikivuka dari. Kipimo cha juu kikapanda hadi sita, sawasawa na cha chini, kama kinavyotakiwa.

Saa nne kamili kufuli ikalia. Msimamizi alisimama mlangoni na kijiti cha meno mdomoni, na nyuma yake alikuwa mke wa Mizunguko, ametoka kwa mapumziko ya chai, mzima, uzi mweupe umemganda begani. Mizunguko alimrukia akamkumbatia, akamshika uso, akamnusa nywele.

"Moto umezimwa? Hujaumia?"

"Moto gani? We una nini leo?" Mkewe akamsukuma kwa aibu, akicheka. "Mbele ya watu! Kwanza umenichekesha na wenzangu wote. Nani alikufundisha mzaha wa kuongea kwenye mabomba?"

"Kuongea?"

"Si umeniita kutoka darini, pale juu ya cherehani yangu? Mara tatu, kwa lile jina la faragha, mwanamume huna haya! Nikaitika abee. Kina dada wakafa kwa kicheko."

Mizunguko alimshika mkono. "Nikasema nini kingine?"

"Mbona unaniuliza maneno yako mwenyewe? Umesema umechoka kukaa peke yako gizani. Ukaniuliza, nikija kwako utanipokea?"

"Ukajibu nini, mke wangu?"

"Ningejibu nini, na ni wewe?" alisema mkewe. "Nikakwambia njoo, ingia, hapa ni kwako."

Msimamizi alicheka mpaka kijiti kikamdondoka, akaufunga mlango, akatia kufuli. Mizunguko alikuwa bado amemshika mkewe mkono, anaogopa kuuachia, na anaogopa kuendelea kuushika.