Mtoto Mweupe wa Mbega

Ukungu ulishukia msitu wa Chome saa tisa alasiri, na Husna alikuwa bado anamfuata mtoto mmoja mweupe juu ya miti.

Mbega huzaliwa mweupe kama pamba. Husna, mtafiti kutoka Kihurio, alikuwa akiandika jinsi mama wa huyu anavyomlea, basi akamkazia macho mtoto na kumsahau mama. Kumbe majike walikuwa wakipokezana kile kichanga, kila anayekipokea akizidi kusonga mbele, na mama mwenyewe yuko nyuma huko anakula majani kwa raha zake. Ndivyo msomi mzima alivyojikuta kwenye bonde asilolijua.

Mzee Sifael, kiongozi wake wa njia kutoka Mhezi, alikuwa amemwambia mara mbili warudi. Alipomwambia mara ya tatu, mzee aliteleza kwenye mizizi, mguu ukapinda na kuvimba palepale. Husna aliufunga kwa kanga aliyozoea kumbebea mwanawe Salimu.

Salimu ana miezi mitano, na chupa haijui. Husna alikuwa amemwacha asubuhi kwa bibi yake, kwenye chumba walichopanga Mhezi, akiahidi kurudi saa nane. Tangu azaliwe, hakuna jirani aliyeruhusiwa hata kumpakata. Sasa maziwa yalimjaa mama mtu mpaka blauzi ikalowa.

Alitaka wafuate kijito kushuka.

"Haya maji yanaangukia upande wa Maore, kwenye genge," alisema Mzee Sifael. "Kunywa, kisha ukae."

"Mwanangu ana njaa, mzee."

"Mkono mmoja haulei mwana. Hata hawa mbega wa juu wanalijua hilo."

Husna alikasirika. Hakukaa. Alizunguka mti mmoja huohuo hadi kukapambazuka, akikamua maziwa chini kupunguza maumivu, na kila tone lilimuuma kuliko titi lenyewe.

Asubuhi, kengele ya kanisa ya Jumapili ililia upande wa kushoto, juu, kule ambako wote wawili wasingedhani. Mzee alimwegemea begani. Walipanda kwa magoti na kucha, wakipumzika kila hatua kumi, wakalamba umande kwenye majani. Saa nne walitokea kwenye migomba ya watu wa Mhezi.

Husna alimwacha mzee kwa wenye migomba, akakimbia hadi mlangoni kwake. Ndani, Rogathe, jirani mwenye binti mchanga, alikuwa amekaa mkekani na Salimu yuko kifuani pake, ananyonya huku amefumba macho. Bibi alisimama, akaanza kujieleza kwamba mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Wivu ulimchoma Husna waziwazi. Kisha akaketi sakafuni na matope yake.

"Umemnyonyesha mara ngapi?"

"Sikuhesabu, dada. Kila alipolia."

Kwao Kihurio, watoto walionyonya titi moja ni ndugu wa maisha. Husna alimtazama binti wa Rogathe aliyelala pembeni, akamnyanyua, akamweka kwenye titi lililojaa.

"Anaitwa nani huyu binti yangu?" aliuliza.