Siku Nilizoziandika Kabla Hazijafika

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kuosha vyombo na kujaza daftari la Mama. Vyombo sikuvichukia. Daftari lile, jamani, lilinichefua!

Mama alikuwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kila akipona ulimrudia. Kliniki ya jirani ilikuwa inafanya utafiti. Kila mwezi walimtoa Mama damu, wakitafuta viashiria vya kuonyesha mapema kwamba ugonjwa unarudi. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nikapewa daftari niandike kila siku: amelalaje, amekula nini, ameongea au amenyamaza.

Mwezi mmoja Mama alianza kushinda kitandani. Chumba kikanuka jasho. Chini ya kitanda nilikuta sahani ya wali ulioota ukungu, sisimizi wanajipitia tu. Kinyaa kilinishika mpaka nikatema mate dirishani. Shangazi yangu naye alisimama mlangoni ameziba pua.

"Mtu mzima kujidekeza hivi! Uvivu tu huo," alisema.

Niliona aibu, tena nilichoka. Jioni moja nikajaza mwezi mzima kwa mkupuo: amelala vizuri, amekula vizuri, ameongea. Nikaenda zangu kuruka kamba.

Siku ya kutoa damu, muuguzi alimfunga Mama mpira mkononi, akajaza vichupa viwili, kisha akafungua daftari. Alisoma, akageuza ukurasa, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane."

"Hapa umeandika tarehe ishirini na tano mama yako amekula vizuri. Atakula nini hiyo siku?"

Shangazi, aliyetusindikiza, aliangua kicheko. Mama hakucheka. Alitazama sakafu, nywele zimeshikamana, blauzi kaivaa nje ndani. Kinyaa kikanishika tena, na safari hii aliyenitia hakuwa Mama. Ni mimi mwenyewe.

"Nimedanganya," nikasema huku nalia. "Wiki mbili sasa hali, halali. Leo nimemwamkia, hata hakuitikia. Sikutaka watu wajue."

"Kwani damu si itasema yenyewe?" Shangazi akadakia.

"Dada yangu, damu hii bado tunajifunza kuisoma," muuguzi akajibu. "Tunailinganisha na daftari. Daftari likidanganya, tumemchoma mama wa watu sindano bure, na sisi tungemrudisha nyumbani akazidiwe. Na huu ni ugonjwa, si uvivu. Ukome kumtukana mgonjwa mbele yangu."

Daktari alimwona Mama saa ileile. Akambadilishia dawa, akampangia kuzungumza na mshauri kila wiki. Kupona hakukuja kwa siku moja, wala mbili. Wiki ya tano ndipo Mama alipooga bila kuambiwa, akaniuliza habari za shule. Nilimjibu kirefu mpaka akasinzia.

Tuliporudi kliniki, nilimuuliza muuguzi kama niandike hata mambo ya kuchefua.

"Hayo hasa," alisema. "Chumba kikinuka, andika kinanuka. Kumsemea mgonjwa ukweli si kumwaibisha, mwanangu. Ukimficha, unamwacha augue peke yake, nawe umelala naye chumba kimoja."