Sauti Kati ya Nyimbo za Kipkemoi

"Hiyo ni redio gani inataja Abby?" Mzee Gathogo aliuliza.

Abby, binti yake, alikuwa ameketi katikati akiwa na simu ya Kipkemoi mapajani. Kipkemoi mwenyewe alishika usukani na kukazia macho barabara kama mtu anayefanyiwa mtihani wa leseni.

Walikuwa wameteremka kutoka Dundori asubuhi hiyo, watatu ndani ya pikapu, wakielekea Ndabibi. Huko familia ya Kabiru, mkulima wa vitunguu aliyetaka kumuoa Abby, ilikuwa inawangoja. Mzee alipotafuta gari la safari alimpigia Kipkemoi, kijana aliyekuwa akibeba viazi vyao kupeleka soko la Nakuru.

Abby hakuwa na raha. Kabiru alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililomchanganya. Walipopita Nakuru aliomba simu aweke muziki, angalau asahau kidogo.

"Unataka gani?" Kipkemoi aliuliza.

"Weka shuffle. Simu ijichagulie."

Simu ikajichagulia. Ikatoka kwaya, ikaja kantri ya Kimarekani, ikafuata wimbo wa Kikalenjin, halafu wa watoto wa kujifunza kuhesabu.

"Na huu?" Abby akacheka.

"Wa mtoto wa dada yangu Chepkemei. Usiuguse, ananiuliza kila siku kama bado uko."

Ikaja rumba, hata mzee akatikisa mabega. Walipokuwa wanapita Elementaita rumba ikaisha, ng'ombe akalia ndani ya spika, kisha ikasikika sauti ya Kipkemoi.

"Abby... tumejuana kitambo. Ningependa kukujulisha ya kwamba..."

Hapo ndipo mzee alipouliza habari ya redio. Kabla hajajibiwa, sauti ya mwanamke ikaingilia kutoka hiyo hiyo spika.

"Apana. Unaongea kama chifu kwa baraza. Anza tena."

"Huyo ni Chepkemei," Kipkemoi alisema kwa sauti ndogo. "Abby, tafadhali, bonyeza next."

Kidole cha Abby kilikuwa juu ya kioo. Hakikushuka.

"Wacha iendelee," mzee akasema.

Ikaendelea.

"Abby, kila nikikuja kuchukua viazi huwa nafika mapema, ndio nikupate ukikunywa chai. Viazi ningetuma mtu. Nakupenda. Ukikataa bado nitakuja, lakini nitakuwa nafika saa ya kawaida."

"Sasa hiyo," Chepkemei akasema. "Mwambie hivyo hivyo."

Kisha kwaya nyingine ikaanza kuimba kama hakuna kilichotokea. Abby akazima. Alitamani kucheka na kulia pamoja.

"Ulirekodi lini?" mzee aliuliza.

"Mwezi wa nne, Mzee. Nilikuwa najifunza kusema. Nilidhani nilifuta."

"Na huu ni wa nane. Wakati wote huo unabeba viazi tu."

"Nilisikia Kabiru amekuja kwenu. Nikanyamaza."

"Na leo ukakubali kunipeleka kwake?" Abby aliuliza.

"Baba yako alinipigia mwenyewe. Nikasema angalau nitakuwa na wewe mpaka Ndabibi."

Mzee akakohoa.

"Simamisha hapo Kikopey. Nina njaa."

"Baba, si tumekula Nakuru?"

"Nimesema nina njaa."

Akashuka, akaenda zake kuangalia mbavu zinazochomwa. Waliobaki wakaangalia dirisha la mbele.

"Sema sasa," Abby akasema.

"Si umesikia?"

"Nimesikia simu. Wewe bado."

Kipkemoi akavua kofia. "Nakupenda, Abby. Chepkemei hayuko hapa, kwa hivyo sijui kama nimesema vizuri."

"Umesema vizuri. Unafikiri mimi huamka na giza kunywa chai kwa sababu ya viazi? Nilikuwa nakungoja, mjinga wewe."

Wakashikana mikono. Kisha Abby akatoa simu yake mwenyewe, akampigia Kabiru.

"Kabiru, hatutafika. Kuna mtu mwingine. Singetaka ujue baada ya kula nyama na watu wenu."

Abby akamsikia Kabiru akifunga mlango.

"Ni huyo wa viazi?"

"Umejuaje?"

"Kila ukinitembelea unamtaja." Akashusha pumzi. "Umeniumiza, sitakudanganya. Lakini afadhali leo. Mama yangu umwambie mwenyewe, hapo siwezi kukusaidia."

Abby akampigia. Mama huyo hakumhurumia, na Abby alisikiliza mpaka mwisho, akaomba msamaha.

Mzee alirudi na nyama juu ya ubao.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, Baba."

"Nitaenda huko mwenyewe, niwaombe radhi kama mzazi." Akamgeukia Kipkemoi. "Watu wenu wanakaa wapi?"

"Molo, Mzee."

"Waambie waje tuongee. Na wasichelewe kama wewe. Kula."

Watu wa Molo hawakuchelewa. Desemba harusi ikafanyika kanisani Dundori, kwa baridi kali iliyomfanya bibi harusi avae sweta juu ya gauni. Mchungaji alipomuuliza Kipkemoi kama anamkubali Abby, alijibu kabla swali halijafika nusu, na kanisa zima likacheka. Mchungaji akamgeukia Abby, akafungua mdomo kuuliza.

"Ndiyo," Abby akasema, "namkubali."