Jina Ndani ya Kofia

Asubuhi ya kwanza ya msimu wa besiboli, nje ya uwanja wa Busan, watu walijazana kama nyuki mbele ya cherehani ya Bo-ram. Blauzi ya njano, nywele zimebanwa kwa penseli, alikuwa akishona majina ya wachezaji migongoni mwa jezi. Kijana mmoja mrefu akasukumwa na umati, akamwaga supu ya samaki mezani pake.

"Wee kaka! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Nisamehe. Nishonee jina: Pyo Gyu-min."

"Yule mrushaji mpya wa timu yetu ya Korongo? Hakuna hata mtu mmoja aliyeliomba."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Bo-ram akamkagua kuanzia viatu hadi paji, akaangua kicheko. Basi penzi likaanzia hapo. Simu asubuhi, simu mchana, simu hata pasipokuwa na la kusema.

Kikwazo kilikuwa kimoja: Ok Tae-geun, mpigaji hodari wa Nyati wa Daegu, kaka yake Bo-ram, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

"Hataki kusikia mchezaji ananisogelea," Bo-ram alisema. "Nitamwambia mimi, kwa wakati wangu. Niapie hutanitangulia."

"Naapa, mpenzi."

Kwa furaha Bo-ram akaichukua kofia ya mchezo ya Gyu-min, akashona ndani jina lake mwenyewe, Bo-ram, kwa uzi mwekundu, herufi nene kama vidole. "Ukirusha ovyo, ujue nakuona."

Majira ya joto, Nyati wakaja Busan. Mashabiki wao wakaimba:

*Piga kaka, piga juu,*
*uliguse wingu kuu!*

Tae-geun akapiga, mpira wa Gyu-min ukavuka ukuta. Akalirusha gongo lake hewani likazunguka kama pia, kisha akasimama kuutazama mpira ukipotea. Hata watu wa Busan walipiga makofi. Kwetu Korea kurusha gongo si tusi, ni chumvi ya mchezo. Lakini Gyu-min alikuwa amefunzwa miaka miwili Marekani, na huko gongo likirushwa, mwenye gongo hulipwa mpira wa mbavu.

Zamu ya Tae-geun iliporudi, mpira ukamtandika mbavuni.

Watu wakasimama vitini. Wote walingoja kitu kimoja. Mrushaji mdogo akimpiga aliyemzidi umri huvua kofia, huinama, na yamekwisha. Mkono wa Gyu-min ukapanda, ukaishika kofia, ukaganda. Kofia ikabaki kichwani.

"Umelipiza kisasi kwa kaka yangu!" Bo-ram alifoka kwenye simu.

"Mpira uliniponyoka, Bo-ram."

"Na kofia je? Uliishika ukaiacha! Kiburi hicho ndicho ulichofundishwa Marekani?"

"Ile kofia ndani yake..."

"Usinipigie tena."

Gyu-min akapiga mara kumi na moja. Bo-ram alikuwa ameifungia namba yake.

Kesho yake mchana, timu zikipasha misuli, Gyu-min aliukata uwanja peke yake kuelekea upande wa Nyati. Wachezaji wakaacha mipira. Kamera zikamfuata. Bo-ram, penye lango, akainua macho kwenye skrini kubwa, mguu ukakoma juu ya kanyagio la cherehani.

Gyu-min akavua kofia, akainama hadi kiunoni, mikono miwili ikiishika kofia wazi mbele ya Tae-geun. Jina jekundu likajaa skrini nzima.

"Kaka Tae-geun, nisamehe. Mpira uliteleza."

Tae-geun akasoma, akasoma tena. "Mshono huu naujua. Umenizibia suruali tangu nikiwa shule."

"Nilimwapia nisikuambie."

"Na sasa?"

"Sijakuambia. Umesoma mwenyewe."

Tae-geun akataka kucheka, mbavu zikamkumbusha. Akaichukua kofia, akamvalisha kijana huyo kwa mkono wake, akaikandamiza mpaka machoni. Kisha akaomba simu.

"Bo-ram, Jumapili mlete huyu mtu wako ale kwangu. Na asije na mpira."

Kisha akampokeza Gyu-min simu.

"Mjinga wewe," Bo-ram akasema. "Jana ungeivua tu."

"Ningevunja kiapo, ungenisamehe?"

"Nisingekusamehe."

"Na leo nimekivunja?"

"Leo kaka amesoma mwenyewe, nami nilishachelewa kusema. Hebu ngoja, nina kazi."

Akachukua jezi mpya, akashona mgongoni jina ambalo hakuna shabiki aliyewahi kuliomba: Pyo Gyu-min. Akakata uzi mwekundu kwa meno, akaivaa mwenyewe, akaingia uwanjani mchana kweupe.