Saladi za Mama Yogesh

Chururu, chururu... Kabla hajafumbua macho, Editha aliyasikia maji ya mlimani yakiingia kwenye beseni. Kila Jumamosi mama yake huvuna saladi, naye Editha huzichovya kwenye maji yenye chumvi kidogo ili wadudu watoke, kisha huzisuuza upesi. Saladi za leo zilikuwa za karamu ya Mama Yogesh, mjini Morogoro.

"Zikimpendeza, atanunua kwetu kila wiki," mama alikuwa amesema.

Editha alimimina chumvi bila kupima, akazitia saladi. Kisha akautazama ukungu ukishuka kutoka milima ya Uluguru, ukimeza mgomba mmoja baada ya mwingine, akajiona anaelea ndani yake. Alipozinduka, saladi zilikuwa zimelegea kama matambara.

"Umezipika?" kaka yake Lukasi alicheka.

"Jua limezichoma!"

"Jua gani, na ukungu wote huu? La Dodoma?"

Mama alikuja, akainua jani moja. "Basi, wapeni nguruwe," alisema kwa sauti ndogo.

Sauti ile ilimchoma Editha. "Mama, si jua. Niliziacha kwenye chumvi, tena nyingi."

Mwalimu Joyce, jirani yao, alikuwa amekuja kuchota maji. "Chumvi? Zitieni kwenye maji baridi, haraka!"

"Shikamoo, Mwalimu. Zitapona?"

"Marahaba. Huenda. Jani limejengwa kwa seli, kama vyumba vidogo. Chumvi ikivuta maji, utando wa seli, ngozi yake nyembamba iliyo ndani ya ukuta, husinyaa na kubanduka ukutani. Lakini haubanduki wote. Hubaki nyuzi nyembamba. Kwenye utando zimo protini zinazoushika ukuta wa seli kwa nje na kiunzi cha seli, kama mifupa yake, kwa ndani. Maji yakirudi mapema, utando hujaa tena."

Editha alimwaga maji ya chumvi, akajaza maji baridi, akakaa kando ya beseni. Akajiona yumo ndani ya chumba cha kijani, nyuzi zikimeremeta kama utando wa buibui wenye umande, zimeshika, hazitaki kuachia. Shikeni, alinong'ona. Shikeni.

Polepole jani moja likanyanyuka. Kisha jingine. Majani ya nje hayakuamka, lakini kapu lilijaa.

"Umeona?" Mwalimu Joyce alisema. "Kosa lilizilegeza, uongo ungezimaliza. Ukweli uliosemwa mapema ndio ulioleta maji."

Mama alijitwika kapu. Editha akamshika kanga.

"Mama, nikikosea tena, nitakuambia kabla hujaniuliza. Naahidi."