Milima Mkono wa Kulia

Anold alikuwa anatia kivuli chini ya tairi la mbele. Alikitia kwa ncha ya kidole kwenye kioo cha simu, taratibu, bila kupumua sana. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, na alikuwa amelitoa kwenye gemu la mashindano asubuhi hiyo: alisimamisha mbio katikati ya kona, akaizungusha kamera ya gemu mpaka taa za mbele zikamtazama usoni, akapiga picha. Kisha akalikata likabaki peke yake, akalipandikiza kwenye picha ya stendi ya Same, kati ya basi la Dar na meza ya muuza machungwa. Nje ya kibanda chake cha gemu stendi yenyewe ilikuwa imechemka. Wapiga debe wanavutana na abiria, bodaboda wanapiga honi, harufu ya mahindi ya kuchoma inaingia mpaka ndani.

"Hilo gari halijakanyaga chini," sauti ikasema juu ya bega lake.

Aligeuka. Msichana alikuwa amejibanza chini ya paa la kibanda kukwepa jua. Alivaa sketi ya kitenge yenye maua ya njano, blauzi nyeupe iliyomkaa kama amezaliwa nayo, mkoba umening'inia bega la kushoto na mfuko wa nyuzi mkononi.

"Limekanyaga," Anold akasema. "Kivuli hiki hapa."

"Tairi la mbele limekanyaga. La nyuma linaelea. Nguo ikikataliwa na nyonga huwa inaelea hivyohivyo."

Anold hakuwa mtu wa kubisha kabla ya kutazama. Akatazama. Tairi la nyuma lilikuwa linaelea kweli. Akamuuliza amejuaje, msichana akamwambia kwamba yeye ni fundi cherehani wa Ndungu, amekuja kununua nyuzi na zipu, na kazi yake ni kutazama vitu vinavyokaa vibaya. Jina lake Justa. Kondakta wa gari la Ndungu alipoanza kuita, tairi la nyuma lilikuwa limeshatua, na namba ya Justa ilikuwa ndani ya simu ya Anold kwa jina la Tairi la Nyuma.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Same na Ndungu si mbali, lakini mmoja alikuwa na kibanda cha kulinda na mwenzake alikuwa na nguo za watu, basi wakawa wanaonana kwa nadra na kuongea kila jioni. Justa alipenda kumchokoza.

"Hayo magari yako yanakula mafuta gani, mpenzi?"

"Yanakula chaji."

"Basi siku ya harusi yetu umeme ukikatika nitaenda kanisani kwa miguu."

"Umesema harusi yetu."

"Nimesema umeme."

Justa ndiye aliyeanza kumpigia picha za mandhari. Alimtumia majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, ng'ombe wakivuka mfereji, baiskeli iliyoegeshwa kwenye magunia. Anold alitoa magari kwenye gemu akayaegesha humo, akayapa namba za Tanzania na vumbi la Ndungu kwenye milango, akayaweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Wapare walioko Dar na Mwanza wakawa wanauliza tajiri gani huyo amepaki gari la mashindano kando ya jaruba la mama yao.

Lakini kila alipozitazama picha hizo Anold aliona kuna kitu kimepungua. Ndungu yote ilikuwa kiganjani mwake, isipokuwa yule aliyemfanya aipende. Justa alikuwa nyuma ya kamera siku zote. Mara mojamoja, jua likiwa mgongoni kwake, kivuli chake kiliingia kwenye picha, na hapo aliandika neno moja tu: nifute. Anold akakifuta.

Kumfuata nyumbani kwao asingeweza. Baba yake Anold alikuwa amefariki, na baba mdogo wake, mzee Gideoni wa kule juu Mamba, ndiye aliyesimama mahali pake. Wazee walishakubaliana: Jumamosi mzee Gideoni angeshuka Ndungu kumpeleka kijana kwa wazazi wa Justa. Kabla ya siku hiyo Anold hakutakiwa kukanyaga ua wao, na yeye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

Wiki ya Jumamosi hiyo ikafika, na hamu ikamzidi. Akafukua picha za zamani alizotumiwa na Justa akakuta moja ya barabara ya Ndungu asubuhi, milima pembeni, na kivuli cha mwanamke kimelala mbele barabarani. Akataka kuweka hapo gari jeupe. Tatizo likawa jua. Kwenye gari mwanga ulitoka kushoto, kwenye barabara ulitoka kulia. Gari huwezi kuligeuza, usukani utahamia upande wa kushoto kama magari ya Ulaya. Akageuza barabara. Kwa kubonyeza mara moja tu, milima ikahama upande, jua likakubaliana na gari. Kibao cha usharika kilichokuwa pembeni kikaanza kusomeka kinyumenyume, akakiziba kwa gari. Akapaka anga rangi ya jioni. Mwisho akafika kwenye kivuli. Akaweka kidole juu yake ili akifute, kidole kikakataa. Akairusha picha mtandaoni, kivuli kikiwemo.

Jioni hiyo Justa hakupokea simu. Kesho yake, Alhamisi, ukaja ujumbe mmoja: "Mwambie baba mdogo asisumbuke kushuka huku. Ampitie Honorata hukohuko Makanya."

Honorata alikuwa mchumba wa Anold zamani, muuza vitunguu kando ya barabara kuu pale Makanya. Waliachana kwa amani, na Anold mwenyewe ndiye aliyemsimulia Justa, hata wakapita pale na basi akamwonyesha. Sasa aliukodolea macho ule ujumbe asielewe. Aliwaza labda kuna mtu amepeleka maneno, kisha akajizuia kumfikiria mtu yeyote vibaya. Akapiga tena simu. Ikaita mpaka ikachoka.

Ijumaa asubuhi akapiga mzee Gideoni. Alitaka kujua kama avae koti la kijivu au lile jeusi, maana shangazi yuko tayari na pasi.

"Shikamoo baba mdogo. Naomba unipe mpaka jioni, nitakupigia."

"Jioni ya nini? Kuna neno?"

"Lipo, baba mdogo. Bado silijui."

Akafunga kibanda, akapanda gari la Ndungu. Njia nzima milima ilikwenda naye dirishani, na yeye akawa anayapitia maneno yote aliyowahi kumwambia Justa, moja baada ya jingine, akitafuta lililokaa vibaya.

Hakwenda nyumbani kwao. Alikwenda sokoni, kwenye baraza la duka la vitambaa la Bi Mwanaidi, ambako Justa alishonea. Alimkuta na gauni la kijani, futi ya kupimia shingoni, mguu ukikanyaga cherehani kwa hasira. Hakuinua macho. Anold akamwamkia Bi Mwanaidi, akaitikiwa marahaba na swali juu yake.

"Mteja, umekuja kushonesha au kushonwa?"

"Nimekuja kuuliza, Bi Mwanaidi." Akamgeukia Justa. "Sijaja kubishana, na baba mdogo anasubiri kujua avae koti gani. Makanya kuna nini?"

Cherehani ikanyamaza. Justa akachukua simu yake, akafungua ile picha ya gari jeupe, akamsogezea.

"Nani alikupigia hii?"

"Wewe."

"Anold, usinifanye mtoto. Mimi nimezaliwa kando ya hii barabara. Nikishika njia ya Same, milima iko mkono wa kushoto, na haijawahi kuhama. Hapa iko kulia, na jua la jioni liko kushoto. Hivyo uko barabara kuu, upande wa pili wa milima, uko Makanya." Akaweka kidole juu ya kivuli. "Na huyu mwanamke ana kofia pana kama ya wauza vitunguu, na mkoba bega la kulia. Mimi umeniona lini na mkoba kulia?"

Anold akakaa kwenye ukingo wa baraza, akatoa simu yake akafungua kazi ile kabla ya kuunganishwa kuwa picha moja, akaiweka mapajani ili Justa aione. Akaliondoa gari. Akaifuta ile jioni, asubuhi ikarudi. Pembeni kikabaki kibao chenye herufi zilizogeuka. Halafu akabonyeza mara moja.

Milima ikavuka kutoka kulia ikaenda kushoto. Kibao kikasomeka: ni usharika wao, ambako Justa aliimba kwaya. Mkoba ukahamia bega la kushoto.

Justa akainama karibu.

"Kofia ya mama," akasema. "Siku ile niliivaa nikimpelekea chai shambani."

"Jua la gari lilitoka kushoto," Anold akaeleza polepole. "Gari siwezi kuligeuza, usukani unahama. Nikaona bora nihamishe milima."

Bi Mwanaidi akacheka mpaka akashika mlango. "Umeihamisha milima ya watu, kijana, ukadhani wenyewe hawataiulizia?"

Justa hakucheka. Alikuwa bado anakitazama kivuli.

"Vivuli vyangu huwa unavifuta."

"Huwa."

"Hiki ulikiacha."

"Ndicho pekee cha kwako nilichokuwa nacho. Ningekifuta, ningebaki na barabara tupu na gari la gemu."

Justa akaivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Alipoinua uso macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ile ya stendini.

"Mpigie baba mdogo. Mwambie njia ina vumbi, koti lolote atakalochagua alivae akishafika."

Anold akapiga palepale, mbele yao wote wawili, ili kusiwe na neno lililofichika. Mzee Gideoni akasema shangazi alishalipiga pasi lile jeusi bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Baadaye Justa alimpeleka mpaka pale barabarani penye kibao. Walitembea wameachana kidogo, maana soko lina macho, na Bi Mwanaidi aliwafuata kwa macho yake mpaka kona. Anold alitaka kupiga mandhari mapya, vivuli viwili badala ya kimoja. Wakasimama, akainua simu, lakini jua la Ndungu huwahi kujificha nyuma ya milima, na barabara ilikuwa imeshapoa, rangi moja tu, bila kivuli cha mtu wala mti.

"Hatupo," Justa akasema.

"Asubuhi tutakuwepo. Nalala kwa rafiki yangu Iddi wa bodaboda, nitakuwa hapa kabla baba mdogo hajafika."

Justa akaichukua simu mkononi mwa Anold, akafungua lile gari lililoondolewa barabarani. Gari jeupe lilikuwa limebaki peke yake katikati ya kioo, limekatwa vizuri kila upande, chini yake hakuna barabara. Akaligusa tairi la nyuma kwa kidole.

"Halijakanyaga chini, mpenzi."

"Liache hivyohivyo," Anold akasema. "Kesho litapata barabara."