Nipokee

Kaka yangu alikuwa mwokaji mikate, na mimi ni fundi viatu. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani tumetoka ukoo wa waganga. Sisi tulikuwa watu wa unga na gundi, na mambo ya uchawi tulikuwa tukiyasikia kwa watu na kuyacheka.

Ilianza Jumanne moja ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwa kwenye kibanda changu mbele ya nyumba, nashona kiatu cha mwalimu mmoja ambaye visigino vyake huisha upande mmoja kwa sababu ya maringo. Mama alikuwa ndani anakunja nguo. Kaka akarudi kutoka kazini saa sita na nusu mchana, unga umemjaa kwenye nyusi, akavua aproni na kusema anakwenda kukimbia.

"Saa hizi?" nikamuuliza. "Hata mbwa wamejificha."

"Mbio zenyewe zitakuwa juani. Nikajifunzie chini ya kitanda?"

Mbio hizo zilikuwa za kilometa arobaini na mbili, mwishoni mwa miezi ya joto. Atakayefika wa kwanza angechukuliwa kwenye kambi ya timu kubwa, na nafasi ilikuwa moja tu. Kambi haikupokea mtu aliyevuka miaka thelathini na mbili. Kaka alikuwa na thelathini na moja na ushee. Kwake ilikuwa mwaka huu au aoke mikate mpaka azeeke.

Wiki ya kwanza ilimshinda. Alikuwa akifika kilometa ya kumi na tano anakaa chini, anarudi nyumbani kichwa chini, hasemi na mtu. Miguu haikuwa tatizo, ni moyo uliokuwa ukikata. Nilimsikia akimwambia mama kwamba jua linamzomea.

Hapo ndipo Baridi alipoingia. Baridi alikuwa fundi wa mafriji, na jina alilipata kwa kazi yake, pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na hasira. Alikuwa rafiki wa kaka tangu utotoni. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi hata mama akamtengea sahani yake, ya bluu. Naye aliitaka nafasi ileile, lakini alisema hadharani, mbele yetu sote, "Akishinda yeye nimeshinda mimi." Mama akamwombea dua pale pale.

Akamfundisha kaka njia ya kuvumilia. "Usihesabu kilometa, zitakuvunja moyo," alimwambia. "Hesabu nguzo za umeme. Mimi naongoza nguzo kumi, nakukinga upepo wa moto, wewe unafuata mgongo wangu. Nikichoka nasema 'nipokee.' Wewe unajibu 'nimepokea,' unapita mbele. Ukichoka wewe, unaniita vilevile."

Mimi nililipenda neno hilo. Mama ametulea hivyo: mtu akiingia na mzigo humwachi asimame nao mlangoni, unanyoosha mikono, unampokea, salamu baadaye. Tulipokuwa wadogo tulipigwa makofi kwa kusahau. Kwa hiyo nilipowasikia wakiondoka na kucheka, "Nipokee!" "Nimepokea!", niliona ni jambo la watu waliolelewa vizuri.

Na ilifanya kazi. Kaka akaacha kukaa chini. Kumi na tano ikawa ishirini, ishirini ikawa thelathini. Lakini alianza kupungua. Kule kwenye tanuri walikuwa na mizani ya magunia ya unga, na vijana wa kazini walimpandisha kwa utani. Kilo sitini na nne. Wiki tatu baadaye hamsini na nane. Baada ya hapo utani ukaisha, wakaacha kumpandisha.

Alikuwa akilala miguu ikiwa juu ukutani, nayo ilikuwa ikichezacheza usingizini. Anaamka anakunywa jagi zima la maji akiwa amesimama, na kiu haimtoki. Daktari alimpima kila kitu, hakuona ugonjwa. Alimwambia tu, "Wewe unakimbia mbio za watu wawili." Kaka alicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Kilichonizindua ni viatu. Kaka nilikuwa nikimbadilishia soli kila Jumamosi, na kila Jumamosi zilikuwa zimekwisha hadi kwenye kitambaa. Siku moja Baridi akaniletea vyake kwa sababu kamba ilikatika. Nikavigeuza. Alikuwa amekimbia navyo miezi miwili, bega kwa bega na kaka, njia ileile ya changarawe. Herufi za kiwandani zilikuwa bado zinasomeka kwenye soli. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini soli haina mdomo.

Nilivifunga kamba, nikamrudishia, nikamwambia asante.

Siku iliyofuata nilichukua baiskeli na kuwafuata, nikisema nawabebea maji. Jua lilikuwa limesimama katikati ya kichwa. Lami ilinata kwenye matairi. Kaka alikuwa akivuja jasho mpaka kwenye vidole. Fulana ya Baridi ilikuwa kavu, na mkunjo wa pasi ulikuwa bado upo.

Nguzo ya kumi. "Nipokee," akasema Baridi.

"Nimepokea," kaka akajibu, akapita mbele. Nikaona mabega yake yakishuka kidogo, kama mtu aliyeongezewa tofali.

Nguzo ya ishirini. "Nipokee," akasema kaka, pumzi imemkaba.

"Haya," akajibu Baridi.

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikasogea karibu. Nguzo ya thelathini, Baridi aliomba, kaka akapokea. Nguzo ya arobaini, kaka aliomba.

"Haya, twende."

Niliwafuata nguzo mia mbili na sitini. Baridi hakusema "nimepokea" hata mara moja. Hata mara moja. Na kila kaka alipolisema, Baridi alivuta pumzi ndefu, taratibu, kama mtu anayetoka kuoga. Mara ya mwisho aligeuka akanitazama. Akatabasamu. Meno yake hayakuwa na mate.

Nilimwambia kaka jioni hiyo hiyo, jikoni, mama akiwa kwa jirani. Nilinong'ona, sijui kwa nini. Nilimweleza soli, fulana, na lile "haya." Nilitegemea acheke au anikaripie. Aliweka mikono yake juu ya meza, mishipa imesimama.

"Kwa hiyo ni neno tu," akasema.

"Ni neno. Usimjibu. Siku ya mbio akikuita, funga mdomo."

"Na mzigo huu niliokwisha kuupokea?"

"Sijui, kaka."

Akafikiri. Kisha akaniuliza, taratibu sana, "Mtu yeyote akijibu, unamwendea?"

"Nadhani."

Hilo swali nilipaswa kulisikia. Nililisikia kwa sikio tu. Moyo ulikuwa umejaa uchungu wa Baridi, sahani ya bluu, dua za mama, miaka yote ile. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, nikaona nimemaliza kuelewa.

Siku ya mbio waliondoka saa nne asubuhi, na kufika saa sita joto lilikuwa limeshika koo. Mimi nilikwenda na baiskeli kwenye njia ya pembeni. Kaka alikuwa wa nne, kisha wa tatu. Baridi alikuwa nyuma yake hatua mbili, kavu.

Kwenye kilometa ya ishirini na nane nikamsikia. "Nipokee."

Kaka kimya.

"Nipokee, ndugu yangu."

Kimya. Hatua tu. Nikaona jasho la kwanza likichimbuka kwenye shingo ya Baridi, kisha mgongo mzima ukalowa kwa mpigo. Aliita tena. Aliita mara tisa, nilihesabu. Ya tisa haikuwa na sauti, midomo tu. Kwenye kilometa ya thelathini na moja alitoka barabarani akakaa kwenye ukingo, miguu mbele, viatu vimepasuka.

Nilipompita alinyoosha kidole, si kunishika, kunisimamisha tu. Nikasimama. Nilitaka nimtemee mate, nakiri.

"Umemwambia?" akanong'ona.

"Nimemwambia. Huna haya wewe? Umekula kwetu."

"Na mimi nilipewa na mtu niliyekula naye." Alimeza, hakuna cha kumeza. "Basi usimpokee kitu."

Nilikanyaga pedali, nikamwacha. Nani anamsikiliza mwizi aliyekamatwa?

Kaka alikuwa wa pili sasa, lakini alikuwa anakwisha. Mzigo wote wa miezi mitatu alikuwa nao bado. Kwenye kilometa ya thelathini na tisa aliyumba, mdomo mweupe, macho yamerudi ndani. Aliye mbele alikuwa mbali, karibu anakata kona ya mwisho. Nikaingia barabarani na baiskeli, nikaenda sambamba naye. Nililia. Nikamwambia hesabu nguzo, kaka, hesabu nguzo tu, zimebaki chache.

Akanigeukia. Na hapa nataka niseme kweli, kwa sababu watu wa nyumbani wananiambia alikuwa amechanganyikiwa na jua. Hakuwa amechanganyikiwa. Alinitazama machoni, vizuri, kama anavyonitazama siku zote. Akanitazama muda wa hatua nne au tano. Alikuwa anaamua.

Kisha akaninyooshea chupa yake ya maji, tupu.

"Mdogo wangu," akasema. "Nipokee."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Mama ametulea hivyo.

"Nimepokea, kaka."

Chupa ilikuwa nzito. Ilikuwa tupu na ilikuwa nzito, na uzito ule ukapanda kwenye mkono, ukaingia begani, ukashuka mpaka magotini. Nilianguka na baiskeli. Nikiwa chini nilimwona akinyooka. Mgongo wake ulinyooka. Alivuta pumzi ndefu, taratibu, kisha akaondoka, na sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Hakugeuka nyuma. Kona ile niliyokuwa nikimwombea aifikie, aliikata kama mtu anayekimbilia chakula.

Alishinda. Walimbeba juu. Wanasema fulana yake ilikuwa kavu, wakasifu mazoezi. Baridi hakuonekana tena; kwenye ukingo alipokaa waliokota viatu viwili, na hakuna aliyemwona akiondoka pekupeku.

Kaka alikwenda kambini wiki mbili baadaye. Siku ya kuondoka alimkumbatia mama, akalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda, sikuweza kusimama. Alikuja hadi mlangoni, akasema, "Nilikuwa na mwaka mmoja tu." Hilo ndilo alilosema. Hakuomba msamaha. Alilitamka kama mtu anayeeleza bei, akategemea mimi, mtu wa biashara, nielewe.

Nilielewa. Ndiyo maana linauma.

Sasa yeye anakimbia huko aliko, asubuhi na jioni, na mimi nachoka hapa. Nikiwa nashona, mapigo ya moyo yananipanda ghafla, jasho linanivuja hadi kwenye ngozi ya viatu vya watu, na ninajua kaka amepanda mlima. Mchana kutwa wateja wanakuja na mifuko yao. "Fundi, nipokee." Nawaonyesha meza kwa kidevu. Waweke wenyewe. Wanasema nimekuwa na kiburi.

Lakini mama ndiye anayenitia hofu. Jana nilikuwa nachota maji, naivuta ndoo hatua moja, napumzika, hatua moja, napumzika. Akatoka mlangoni na khanga yake begani, mwili wenyewe umebaki mifupa na huruma. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete, mwanangu. Nikupokee."

Neno lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye ulimi. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, na yeye ni mama, angepokea akijua au asijue. Nilimtazama machoni, na nikajishtukia kwamba namhesabia, hatua nne, hatua tano. Nikauma ulimi mpaka nikasikia damu. Nikamwaga maji chini, nikampita na ndoo tupu. Alinishangaa. Hajui bado kwa nini silali chumba kimoja naye siku hizi, wala kwa nini siongei nikiwa nimeshika kitu.

Kuna jozi moja ya viatu niliyovaa siku ya mbio. Niliporudi nilivitundika kwenye msumari, juu ya meza ya kazi, na sijaviteremsha kuvivaa tangu siku hiyo. Miguu yangu haiwezi. Leo asubuhi nimevibadilishia soli zilizokwisha, kwa mara ya kumi na moja. Cha kushoto kilikuwa bado na moto.